Maji Niliyoyamwaga Chini ya Mpapai

Kabla ya safari: jogoo wa baba

Baba yangu alikuwa na jogoo mwekundu, mguu mmoja umepinda, anawika wakati wowote anaotaka, hata adhuhuri. Siku moja, mimi bado mdogo wa kuvaa shati bila suruali, alipita mtu tusiyemjua, kanzu safi, akamtazama yule jogoo akauliza bei. Baba akataja bei ya kijinga, ile inayotajwa ili mtu acheke, mkae kitako, muanze kupatana. Yule mtu hakucheka. Akalipa, akambana jogoo kwapani, akaenda zake.

Baba hakuwa na raha tena. Akila anabaki na tonge mkononi. "Asiyepatana bei anajua kitu," anasema. "Kajua nini kuhusu jogoo wangu?" Mama akamwambia pengine mtu alikuwa na haraka tu. Baba akasema hakuna mwenye haraka anayenunua jogoo kilema. Mpaka anaingia kaburini, kila akienda gulioni alikuwa anamtafuta mtu yule. Si kwa ubaya. Amuulize tu.

Mimi nimerithi ugonjwa huo. Shamba sikurithi kwa baba, maana kwetu Uluguru ardhi inapita upande wa mama, lakini wasiwasi wa baba nimeupata wote. Shule niliishia darasa la pili, nikatolewa kwenda kuamia ndege kwenye mpunga, basi elimu niliyonayo ni ya kukitazama kitu kwa mbali nikingoja kikosee. Herufi zangu zikipinda, zinyoosheni wenyewe.

Ninyi jirani zangu wa Bigwa mmeniuliza sana kwa nini mtu mwenye kijito chake mlimani ananunua maji ya ndoo huku chini. Nimekuwa nikiwajibu kwa mzaha. Sasa nawaandikia yote, hatua kwa hatua, na barua na mihuri ya wakubwa naziruka kwa sababu hata mimi sikuzielewa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka ya ushirika yamefungwa, mitumba imejaa sokoni, viwanda vya Morogoro kila ukiamka unasikia kimoja kimeuzwa, na ukiuliza kauziwa nani unaambiwa mwekezaji, kama vile hilo ni jina la mtu. Kule milimani watu walikuwa wanachimba mawe mekundu, wanauza kwa wageni, wanarudi na redio. Katika miaka hiyo, mtu akikutembelea ukimkaribisha kiti, unaangalia kwanza kama anakipima.

Ndipo akaja Bwana Magesa. Mtu wa Musoma, mrefu, mpole, anasomea mambo ya bahari. Hana utani hata chembe, na mtu asiyetania mimi namwogopa, maana sijui akicheka atakuwa anacheka nini. Alitaka madumu matatu ya maji ya kijito chetu. Nikamwambia yapo, hata leo. Akasema leo hapana, leo ni safi. Anayataka siku mvua kubwa ya kwanza ya masika itakapoyageuza kuwa mekundu.

Sasa niambieni. Nani anapanda mlima kutafuta maji machafu?

Kijito kile ni cha ukoo wetu, na mimi ndiye niliyekuwa mtunzaji. Kazi yenyewe ni kusafisha chemchemi, kushika kata ya kibuyu aliyoiacha mjomba wa mama yangu, na kuangalia mwiko mmoja: maji yale yakichotwa yanywewe, yapikiwe, yaoshewe, na yakibaki yarudi kijitoni. Hayamwagwi kwenye ardhi ya watu wengine. Ukiyamwaga ugenini, umewaambia waliolala chini kwamba nyumbani hapana mtu.

Nikamtajia Bwana Magesa mbuzi wawili na kaniki, ili acheke tupatane.

Akaleta mbuzi wawili na kaniki.

Hapo ukoo ukaanza kusema. Mpwa wangu Rajabu, ambaye ndiye angefuata kushika kata, akasema mjomba kauza kijito. Dada yangu mkubwa, Dada Zena, ambaye neno lake kwetu ndilo la mwisho, akaniita jikoni kwake.

"Saidi, yale maji yanakwenda kufanywa nini?"

"Anasema ya kupima."

"Kupima nini?"

"Bahari."

"Maji yetu yanapima bahari?" Akapuliza moto. "Utakwenda nayo. Uyafuate mpaka mwisho, uone kwa macho yako, urudi utuambie. Ukija na jibu la maana, kata yako. Ukija na maneno matupu, kata itakuwa ya Rajabu na wewe utakaa ukumbini kama mkwe."

Ndiyo safari yangu ilivyoanza. Sikwenda kutembea. Nilikwenda kutafuta jibu.

Mlimani mpaka Mkuyuni: madumu matatu

Mvua ilipiga usiku, alfajiri kijito kimekuja chekundu kama uji wa mtama. Bwana Magesa akachota mwenyewe, madumu matatu madogo, mahali pamoja, saa moja. Nikamuuliza kama mahali ni pamoja matatu ya nini.

"Kipimo kimoja kikikosea, viwili vitakisahihisha, mzee wangu."

Akayaandika namba. La kwanza na la pili akayafungia kwenye sanduku lake lenye barafu, la tatu halikuenea. Nikasema nitalibeba mimi, ndani ya kikapu, nimelizungushia majani ya mgomba. Moyoni nikasema vizuri, hili moja halitanitoka.

Njia ya kushuka ilikuwa utelezi mtupu. Kila tunayekutana naye anasimama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

"Mnapeleka nini mjini?"

"Maji."

Mama mmoja mwenye mkungu wa ndizi kichwani alicheka mpaka akaushika mkungu kwa mikono miwili. "Maji? Mnayabeba ya nini, mjomba, si yanashuka yenyewe?"

Bwana Magesa akasema, bila kutabasamu, "Ni kweli, mama. Yanashuka yenyewe."

Mimi nikaliweka hilo akilini. Kama anajua yanashuka yenyewe, anayabebea nini?

Mkuyuni tulikaa mpaka alasiri kungoja gari, tukala mihogo ya kuchoma na chumvi ya mawe. Bwana mmoja mwenye miwani ya jua akaja akakaa karibu yangu mno. Akanong'ona, "Mzee, yako ndani ya tope, sivyo? Nitolee jiwe moja tu, dogo, nilione." Nikamwambia ni maji. Akanikonyeza. "Na mimi nikiulizwa husema hivyohivyo." Akaondoka anatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyekutana na fundi.

Basi nikawa nalitazama tope la dumu langu kwenye jua, nikiligeuza.

Morogoro: nyumba ya wageni ya Msamvu

Hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipofanya jambo langu.

Tulifika Msamvu jua linazama, tukachukua vyumba viwili kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, ua wake una mpapai mmoja na bomba la maji. Tukala wali maharage. Maharage yalikuwa ya jana, nilimwambia mwenye nyumba, akanijibu maharage hayana tarehe ya kuzaliwa. Bwana Magesa akala kimya, akaenda kubadilisha barafu. Mimi nikatoka kutazama stendi.

Pale nikamwona muuzaji ana beseni kichwani, anapita kwenye madirisha ya mabasi. "Maji! Maji safi ya mlimani!"

Nikadhani ananitania. Nikamwita. Akanipa chupa ya plastiki, ina maji ndani, imefungwa kifuniko kama dawa. Nikamuuliza bei, ikawa inaishinda soda. Maji, jamani! Na kwenye karatasi ya chupa wamechora mlima.

Nililigeuza lile karatasi kwenye taa ya duka. Mlima una vilele vitatu. Kile cha kushoto nikakitambua. Kilikuwa cha kwetu, na pale penye kovu la moto wa kiangazi pakaonekana kabisa. Nawaambia nilivyoona. Siku nyingi baadaye niliitazama tena chupa ya namna ile, mlima una theluji mpaka kiunoni. Uluguru hakuna theluji. Lakini jioni ile theluji sikuiona, nilimwona Bwana Magesa akileta mbuzi wawili na kaniki.

Nikasema ndiyo hii. Wanapima maji yetu yana ladha gani, halafu waje na bomba, wafunge kijito, sisi tuje kununua kwenye beseni.

Kulipokucha, kabla hajaamka, nikatoka uani na dumu langu. Sanduku lake lilikuwa chumbani kwake, hilo sikuliweza. Nikalifungua langu. Mwiko niliujua; mimi ndiye niliyekuwa naufundisha wengine. Lakini nikajiambia namnyima mwizi, simmwagii mgeni. Nikayamwaga maji ya ukoo wangu chini ya ule mpapai, yote, mekundu, yakazama polepole. Nikajaza ya bomba, yananuka dawa. Nikatia udongo wa uani kiganja kimoja, nikatikisa. Hata mama yangu asingejua tofauti.

Bwana Magesa alipoamka alinisalimia, akaliangalia dumu. "Umelitunza vizuri, mzee."

"Ndiyo kazi niliyotumwa," nikasema.

Barabara ya Mlandizi: watu wenye kiu

Basi la kwanza lilitufikisha Chalinze, likafa. Tukangoja nusu ya siku. Likaja lingine likatufikisha Mlandizi, na kutoka hapo tukapanda lori lililokuwa linarudi Bagamoyo na magunia matupu ya mkaa, abiria juu ya magunia, wote weusi kama masizi. Katikati ya njia tope likalikamata. Matairi yakazunguka, lori likakaa kitako kama mgonjwa.

Wanaume tukashuka kusukuma. Kikapu nilikiacha juu, lakini kila nikisukuma nalitazama dumu. Mama mmoja mnene, aliyekuwa anarudi kutoka msibani, akaona.

"Baba, una maji humo?"

"Kidogo."

"Mtupe basi tulowanishe koo. Tangu asubuhi hatujanywa."

"Ya wapi?" akauliza mwingine.

Sijui ni kiburi gani kilinipanda. "Ya Uluguru."

"Maji ya Uluguru! Lete, baba, lete!"

Nikamtazama Bwana Magesa. Yeye akasema, kwa ule upole wake, "Samahani, mama. Hayo si ya kunywa."

Kumwambia mtu mwenye kiu kwamba maji si ya kunywa, na wewe umeyakumbatia safari nzima!

"Si ya kunywa," yule mama akarudia. "Ya nini sasa?"

"Tunayapeleka kutia baharini," akasema Bwana Magesa. Hajui kuficha, ndiyo shida yake.

"Mnatia nini baharini?" Utingo akaacha koleo. "Mnataka kutuulia samaki?"

Waganga, mmoja akasema. Majasusi, akasema mwingine. Mmoja akasema wawekezaji, na hilo ndilo lililowatisha zaidi. Lori lilipotoka topeni wote walihamia upande mmoja, sisi wawili tukabaki na upande wetu na madumu. Nilitaka kucheka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshuku mtu huyu kuliko wote, na sasa nimekaa naye goti kwa goti nikishukiwa pamoja naye. Akanipa nusu ya andazi lake. Nikalinusa kwanza, ndipo nikala.

Bagamoyo: Bi Siti

Nyumba ya kazi ilikuwa ya bati, karibu na mikoko, siyo mbali na pale mto Ruvu unapoingia baharini. Alikuwepo mpishi, mwanamke wa makamo, sauti ya kuitia watu ng'ambo. Aliponisalimia tu na kunisikia matamshi, akaweka mwiko chini.

"Mluguru!"

"Na wewe?"

"Mzigua, na leo umekwisha."

Mtani wangu! Mnajua Wazigua na sisi. Hata msibani wanakuja kukalia jeneza mpaka uwape kitu. Nikafurahi, kwa mara ya kwanza nimepata mtu ninayejua namna ya kuzungumza naye. Akanipakulia ugali wa muhogo na dagaa wa nazi, kisha akauvuta mchuzi kwake.

"Kwanza unishukuru. Ninyi watu wa mlimani mnakunywa maji ya kwanza, mnaoshea miguu, halafu mnatuletea sisi."

"Si mnywe ya bahari, mmezidiwa nini?"

"Kila masika mnalima kwenye ukuta kama mijusi, mvua inanyesha, shamba zima linatufikia hapa. Bahari inanenepa kwa tope lenu. Hao dagaa unaowala, Mluguru, wamekula shamba la mama yako."

Nikacheka mpaka nikapaliwa. Nilijua ni matusi ya utani, tena mazuri. Bwana Magesa, aliyekuwa anakula pembeni, akainua kichwa.

"Bi Siti kasema kweli," akasema. "Ndicho nilichokuja kupima."

Akaanza kueleza. Baharini, alisema, kuna mimea midogo isiyoonekana kwa macho, haina mizizi, inaelea tu, inaitwa planktoni. Masika, mito ikileta rutuba kutoka milimani, inaota kwa siku chache kama majani baada ya mvua. Vidudu vinaila, dagaa wanakula vidudu, watu wanakula dagaa. Kiangazi mito ikipungua na maji yakawa meupe, mimea nayo inapungua. Yeye anataka kujua ni kiasi gani cha chakula hicho kinatoka Uluguru.

Nilimsikiliza nikitafuna. Nikaona kumbe anajua kutania, ila hajui kucheka. Mzigua anatunga, yeye anaitikia. Majani yasiyo na mizizi! Tope linalonenepesha bahari! Nikamwambia, "Umejifunza utani wa hapa vizuri, bwana." Bi Siti akapiga makofi. Bwana Magesa akarudi kwenye sahani yake.

Kesho yake Bwana Magesa akachota maji ya bahari kwa mtumbwi mbali kidogo, mahali palipo peupe. Akajaza chupa nne kubwa za kioo. Tatu akatia kila moja kikombe cha dumu lake, namba kwa namba. Ya nne hakutia kitu. Akazifunga kwenye waya, akazining'iniza majini penye jua, zimefungwa kwenye mti wa mkoko. Akasema tungoje siku tano.

Nikasema nitalinda mimi. Akasema hapana haja. Nikasema haja ipo. Siku tano nilikaa kwenye gogo na kofia ya ukili, kuanzia kunapokucha mpaka giza, na jioni zikitolewa kwa ajili ya usiku nazifungia chumbani kwangu, ufunguo naweka mfukoni. Bi Siti akiniletea chakula ananiuliza kama nimeziposa.

Kwa hiyo hakuna aliyezigusa. Mjue hilo.

Siku ya tano: namba tatu

Siku ya tatu nilidhani macho yangu yamechoka. Siku ya nne nilizifikicha kope. Siku ya tano hapakuwa na ubishi. Chupa ya kwanza na ya pili maji yamegeuka, yana ukijani wa kahawia kama maji ya kisamvu. Ya nne, isiyotiwa kitu, imebaki karibu kama ilivyokuwa.

Na ya tatu ilikuwa nyeupe. Nyeupe kuliko hata ya nne.

Bwana Magesa akachukua tone la chupa ya kwanza, akaweka kwenye hadubini, ile mashine ya kuchungulia, akaniambia nitazame. Niliona giza, halafu kope zangu mwenyewe, halafu nikaviona. Vijiti vya kioo vyenye kijani ndani, vingine vimeshikana kama mkufu, vingine mviringo kama vifungo vya shati la mtoto. Vingi, vimesongamana. Akaweka tone la namba tatu. Patupu. Kimoja tu, kimekufa.

Akakaa kwenye kreti la soda, akaweka kichwa mikononi. Mtu mpole akivunjika havunji kitu, anakaa tu.

"Mahali pamoja," akasema. "Saa moja. Mbili zimekubali, moja imekataa kabisa. Siwezi kusema lolote kwa watu. Masika yote haya yamepotea."

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, na nilijua kwa nini. Maana sikilizeni: ule haukuwa utani. Wangeweza kunidanganya kwa maneno, wangeweza kutia rangi chupa zote tatu. Lakini kwamba namba tatu ina maji ya bomba la Msamvu, duniani kote alijua mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa mimi. Hakuna aliyemwambia bahari. Bahari yenyewe ndiyo iliyoyakataa maji ya bomba na kuyapokea ya kwetu. Nilikuwa nimemtegea mtu mtego, nikajinasa mimi ndani yake, nikiwa nimeshika jibu mkononi.

Nilikwenda kwanza jikoni kwa Bi Siti. Nikamwambia, "Dumu la tatu nililimwaga njiani, nikatia maji ya bomba."

Akaegemea ukuta akicheka. "Mluguru umemwibia msomi maji? Bwana Magesa! Njoo usikie! Mtani wangu anasema kamwaga dumu!"

"Acha, Bi Siti," akaitikia kule ndani, amechoka. "Leo siwezi utani."

Mnaona. Nimesema kweli, nimeisemea kwenye nyumba ya watani, imekuwa mzaha. Ikabidi niende mbele yake, nivue kofia, niape kwa kaburi la mama yangu. Nikamweleza chupa ya stendi, mpapai, udongo wa kiganja. Nikasubiri anitukane, ningemshukuru.

Akachukua daftari. Akaandika taratibu huku anasoma kwa sauti: "Namba tatu, maji ya bomba, Msamvu. Dawa ya bomba imeua mimea." Halafu akacheka. Mara ya kwanza nasikia kicheko chake. Kilikuwa chembamba, cha mtoto. "Mzee Saidi, umenifanyia kipimo ambacho mimi sikuwa na akili ya kukifikiria." Kisha akaacha kucheka. "Lakini ulidhani mimi naiba?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu mbuzi."

Akatikisa kichwa. "Nilidhani ndiyo mila. Sikutaka kuwapunguzia heshima."

Jogoo wa baba akanijia hapo. Pengine mtu yule wa kanzu naye alidhani anatupa heshima.

Kurudi mlimani

Njia ya kurudi haikuwa na mengi. Bi Siti alinifungia dagaa wakavu kwenye gazeti, akasema niwarudishe nyumbani kwao. Bwana Magesa akaniambia masika yajayo atapanda tena, na safari hii nimbebee madumu mawili. Msamvu nilikwenda kuutazama ule mpapai. Ulikuwa mpapai tu.

Ukoo ulikuwa umekusanyika nyumbani kwa Dada Zena siku niliyofika. Nikatoa dagaa, nikatoa jibu.

"Maji yetu ya masika yanaotesha majani madogo baharini. Majani yanalisha dagaa."

"Nani kakuambia, mjomba?" akauliza Rajabu.

"Bwana Magesa. Na mpishi wake, Bi Siti."

"Huyo Siti mtu wa wapi?"

Nikajua tayari nimekwisha. "Mzigua."

Nyumba ikalipuka. Wanawake wakapigana mabega. "Mjomba kachezewa na watani! Siku zote hizo!" Hata Dada Zena alificha mdomo kwa upande wa kanga. Ningenyamaza, ningecheka nao, pengine ningebaki mzee mjinga mwenye kata yake. Lakini nilikuwa na mbuli ya kweli, kama tunavyoiita sisi habari, na habari ya kweli inawasha kama upupu.

"Najua ni kweli," nikasema, "kwa sababu dumu moja nililibadilisha mwenyewe, na hilo halikuota kitu."

Kicheko kikaisha kimoja kimoja.

"Ulilibadilisha," akasema Dada Zena. "Yale yetu uliyapeleka wapi?"

"Niliyamwaga."

"Wapi?"

"Msamvu. Chini ya mpapai wa nyumba ya wageni."

Rajabu mwenyewe aliinamisha uso, na kijana yule hakuwa na huruma nami. Dada Zena akainuka, akanishika mkono mpaka jikoni, palepale aliponituma.

"Saidi, mdogo wangu. Rudi ukumbini useme uliyauza."

"Sikuyauza."

"Useme. Kuuza tunakuelewa. Siku hizi nani hauzi? Kuuza kuna faini, utatoa mbuzi, tutakula, kata utabaki nayo. Sema yule bwana alikurubuni, asikanyage tena huku, mambo yaishe. Lakini kumwaga hatuna dawa yake. Kumwaga kwa sababu ya kushuku tu, nani amewahi kusikia?"

Alikuwa analia, na alikuwa ananitakia mema. Nilifikiri, kweli nilifikiri. Kata ile nilikuwa nimeishika tangu nywele zangu ni nyeusi. Na neno lenyewe nilikuwa nimelibeba moyoni njia nzima, kwamba Magesa ni mwizi; kulitoa mdomoni kungekuwa na uzito gani? Lakini wakati nalibeba nilikuwa naliamini. Sasa nilikuwa nimelichungulia kwenye ile mashine, nimeona patupu.

Nikarudi ukumbini, watu wote wananingoja. Nikaichukua kata ya kibuyu, nikaitundika kwenye msumari wa mlango, kwa ndani. Nje mvua ilikuwa imeanza upya. Rajabu akadhani natoka haja.

"Usikawie, mjomba, hatujamaliza."

Nikashika njia. Pale chini kijito kilikuwa kimejaa, chekundu, kinashuka chenyewe, nami nikashuka nacho mpaka Mkuyuni. Kikaenda upande wake, mimi nikaja Bigwa. Sijapanda tena.